Mizani ya Watu wa Rongelap

Mkulima wa Werugha aliyemaliza kula viazi na maharage, akanywa juu yake kikombe cha chai ya maziwa, kisha akashika njia ya shambani kwake chini ya mlima Vuria, amebeba mwilini mwake, pasipo kujua wala kudhurika, kitu kitoacho mionzi maelfu ya mara katika kila sekunde ipitayo. Kitu hicho ni potasiamu, chumvi ya udongo ambayo bila yake mmea hauoti wala moyo wa mwanadamu haupigi, na ambayo ndani yake imo, kwa kiasi kidogo mno, aina moja iitwayo potasiamu 40, iliyokuwa ikivunjika kabla ya ardhi kuumbwa na ambayo mpaka leo haijesha. Mtu mzima mwenye uzito wa kilo 70 ana gramu 140 hivi za potasiamu, na katika hizo chembe 4,000 na ushei huvunjika kila sekunde. Na kwa kuwa wataalamu wameuita mvunjiko mmoja katika sekunde moja bekereli, husema kwamba mtu huyo ana bekereli 4,000 na ushei. Fauka ya hayo, mionzi ishukayo kutoka angani humpata mtu wa milimani zaidi kidogo kuliko ndugu yake wa Voi au wa Mombasa, kwa sababu hewa iliyo juu yake ni pungufu. Na miamba ya Taita yenyewe, kama miamba mingine ya kale, haikosi yuraniamu na toriamu za asili.

Habari hii ni msingi wa yote yatakayofuata, maana aghalabu mtu akisikia kwamba mwili wa fulani una mionzi hushtuka, naye mwenye mamlaka akitaka kumnyamazisha humjibu kwamba kila mwili una mionzi. Na wote wawili wana sehemu ya kweli, lakini hakuna kati yao aliyeifikisha kweli hiyo mwisho wake. Mwenye insafu huuliza mionzi hiyo ni ya aina gani, ni kiasi gani, imeingia kwa njia ipi na kwa amri ya nani. Jicho haliwezi kumjibu, wala pua, wala ulimi, kwa kuwa mionzi haina rangi, harufu wala ladha. Humjibu vipimo tu, na vipimo vina wenyewe, nao wenyewe wana nia zao. Ndiyo sababu nataka kueleza kwa kituo kisa cha wenyeji wa kisiwa cha Rongelap, ambao miili yao ilipimwa mwaka baada ya mwaka na wataalamu wa taifa lililowadhuru, na ambao iliwachukua muda mrefu kujua vipimo vile vilikuwa vikisema nini.

Rongelap ni mkufu wa visiwa vya matumbawe katika bahari ya Pasifiki, miongoni mwa visiwa vya Marshall, ambavyo baada ya vita vya pili vya dunia viliwekwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa mikononi mwa Marekani, kama vile Tanganyika ilivyowekwa chini ya udhamini huo huo mikononi mwa Waingereza. Mdhamini yule, aliyeahidi mbele ya mataifa kulinda afya na ardhi ya watu aliokabidhiwa, alilipua katika visiwa vyao, baina ya mwaka 1946 na 1958, mabomu 67 ya majaribio. Kubwa kuliko yote lilikuwa lile walilolipa jina la Bravo, lililolipuliwa katika kisiwa cha Bikini alfajiri ya tarehe 1 Machi 1954. Waliolitengeneza walikadiria kwamba nguvu yake ingekuwa sawa na baruti tani milioni 6 hivi. Ikawa sawa na tani milioni 15, yaani mara 1,000 hivi ya bomu la Hiroshima, kwa sababu litiamu ya aina ya 7, waliyodhani kwamba itakaa kimya ndani ya bomu, ilishiriki katika moto ule.

Matumbawe ya Bikini yalivurugwa yakawa vumbi, vumbi likapanda mbinguni, na upepo ukalipeleka mashariki. Saa chache baadaye likaanza kuwashukia watu wa Rongelap, walio umbali wa zaidi ya kilomita 150, vumbi jeupe lililotua juu ya mapaa, ndani ya maji ya kunywa, juu ya vyakula na juu ya vichwa vilivyopakwa mafuta ya nazi, nao watoto wakalichezea. Kabla ya siku kwisha watu walikuwa wakitapika na kujikuna, na majuma yaliyofuata ngozi zao zikatoka vidonda na nywele zikanyonyoka. Askari 28 wa Kimarekani waliokuwa kituoni kwao katika kisiwa cha Rongerik waliondolewa kwanza; watu 64 wa Rongelap na 18 waliokuwa wamekwenda kisiwa jirani cha Ailinginae waliondolewa tarehe 3 Machi, zikiwa zimepita siku mbili nzima, na watu 157 wa Utirik baada yao. Mashua moja ya wavuvi wa Kijapani, yenye mabaharia 23, iliyokuwa ikivua upande ule, ilirudi kwao na vumbi hilo sitahani, na mmoja wa mabaharia hao, Aikichi Kuboyama, akafa mwezi Septemba mwaka ule ule. Wenyeji wa Marshall waliandika malalamiko yao mwezi Aprili kwa Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, lile lile ambalo Kirilo Japhet wa Meru alikuwa amesimama mbele yake mwaka 1952 kuitetea ardhi ya watu wake. Majaribio hayakusimamishwa.

Wenyeji walioondolewa walifikishwa kisiwa cha Kwajalein, wakaoshwa kwa sabuni mara nyingi, maana vumbi lilikuwa limenata katika mafuta ya nywele, wakapitishiwa juu ya ngozi chombo kinacholia kikikutana na mionzi, wakatolewa damu ili zihesabiwe chembe zake nyeupe. Yote hayo ni kupima kilichompata mtu kwa nje. Lililo gumu zaidi ni kujua kilichoingia ndani, na katika jambo hili ilitokea taksiri ambayo matokeo yake yaliwafuata watoto wa Rongelap maisha yao yote. Miongoni mwa vitu vilivyokuwamo katika vumbi lile ilikuwamo iodini ya mionzi, ambayo mwili hauwezi kuitenga na iodini ya kawaida, hivyo huikusanya katika tezi ndogo iliyo shingoni. Na tezi ya mtoto, kwa udogo wake, hupata kwa kiasi kile kile cha iodini madhara makubwa kuliko ya mzazi wake. Iodini 131 hupungua nusu kila siku 8, na ziko ndugu zake ambazo hupungua nusu kwa saa chache tu. Mkojo uliopimwa kwa ajili ya kuitafuta ulikusanywa zaidi ya wiki mbili baada ya vumbi kushuka, tena ulichanganywa pamoja mkojo wa watu wengi. Zile za saa chache zilikuwa zimekwisha kabisa bila kuacha alama, na iodini 131 yenyewe ilikuwa imebaki chini ya robo. Ikabidi kile ambacho tezi ya kila mtoto ilikuwa imekipokea kikisiwe kwa hesabu za kurudi nyuma, kutoka katika chupa za mkojo ambazo hazikuweza kumtenganisha mtoto na mtu mzima. Mwaka 1963 uvimbe wa kwanza ulionekana katika tezi hizo, na miaka iliyofuata wengi wa waliokuwa watoto wadogo siku ile walipasuliwa shingo.

Ama kupima mwili mzima, ambako ndiko hasa kiini cha makala haya, kulianza baadaye, na sharti nieleze namna kunavyofanywa. Chembe inapovunjika hutoa mionzi ya namna mbalimbali, na miongoni mwayo iko iitwayo gamma, ambayo ina nguvu ya kupenya nyama na mifupa ikatoka nje ya mwili. Mionzi hiyo ikilipiga jiwe angavu lililotengenezwa kwa chumvi ya iodini na sodiamu, jiwe hutoa kimeta kidogo cha nuru, na chombo kilicho nyuma yake hukihesabu kimeta hicho na kupima ukali wake. Faida ya kupima ukali ni kwamba kila kitu kina ukali wake kisioweza kuuficha: gamma ya potasiamu 40 ina nguvu zaidi ya maradufu ya gamma itokayo kwa sesiamu 137, na kwa hivyo mtambo huweza kutenga ile iliyotoka katika viazi vya shambani na ile iliyotoka katika bomu, ijapokuwa zote mbili zimetoka tumboni mwa mtu mmoja kwa wakati mmoja. Sesiamu 137 haikuwapo kwa kiasi cha kuhesabika katika mwili wa mtu yeyote kabla ya mwanadamu kujifunza kupasua yuraniamu. Akionekana nayo leo, imetoka katika kazi ya mikono ya watu.

Ugumu wa kazi hii ni kwamba ulimwengu wote una mionzi, na mtambo husikia kelele za ardhi, za kuta na za anga kabla ya kusikia sauti ndogo ya mwili. Kwa sababu hiyo mtu huwekwa ndani ya chumba cha chuma kinene kinachozuia mionzi ya nje, na maabara nyingi zilitafuta kwa minajili hiyo chuma kilichofuliwa kabla ya 1945, kwa kuwa chuma kilichofuliwa baadaye kilikuwa kimekwisha kuchanganyika na vumbi la mabomu. Kabla ya kuingia, mtu huoga na kubadili nguo, isije ikahesabiwa kuwa ya ndani mionzi iliyo juu ya ngozi. Mwaka 1957 watu wachache wa Marshall walichukuliwa hadi maabara ya Argonne karibu na Chicago wakapimwa hivyo, na mwaka uliofuata wataalamu wa maabara ya Brookhaven, chini ya daktari Robert Conard, walipakia chumba cha chuma melini wakakipeleka mpaka Rongelap, wenyeji wakaingia mmoja mmoja. Walionekana na sesiamu, na zinki ya mionzi iliyotoka katika samaki.

Hata hivyo mtambo huo una upofu wake, na msomaji na aujue, kwa kuwa upofu wa mtambo umewahi kutumiwa kama ushahidi wa usalama. Strontiamu 90, ambayo mwili huidhania kuwa chokaa na kuiweka mifupani, hutoa mionzi ya beta peke yake, isiyotoka nje ya mwili kwa kiasi cha kuhesabika namna hii. Na plutoniamu, ambayo kudhuru kwake hutegemea zaidi alfa isiyoweza hata kupenya ngozi, vivyo hivyo. Hizi mbili hutafutwa katika mkojo, kwa kazi ya kemia yenye subira nyingi. Kwa hiyo mtu akiambiwa kwamba amekaa mbele ya mtambo na mtambo haukuona kitu, haki yake ni kuuliza mtambo ule una macho ya kuona nini.

Chumba kile cha chuma kilipelekwa Rongelap kwa sababu wenyeji walikuwa wamerudishwa kwao. Katikati ya mwaka 1957, baada ya miaka mitatu ya kuishi ugenini, waliambiwa kwamba kisiwa kimekuwa salama, wakajengewa nyumba mpya, nao wakashukuru, maana nani asiyetamani kwao? Walirudi pamoja na jamaa zao ambao siku ya vumbi hawakuwapo kisiwani, na hao madaktari wakawafanya kundi la kulinganishia, wapate kuona tofauti baina ya aliyepatwa na asiyepatwa. Lakini wote walikula chungu kimoja. Vyakula vyao msomaji wa pwani angevitambua bila kuelezwa: nazi na madafu, mashelisheli, matunda ya mkadi, unga wa uwanga, samaki, na yule kaa mkubwa wa nchi kavu apandaye minazi, ambaye kwetu angali akionekana katika kisiwa cha Chumbe karibu na Unguja. Udongo wa matumbawe ni maskini wa potasiamu na si wa mfinyanzi. Sesiamu katika tabia zake ni mfano wa potasiamu, na katika udongo mwekundu wa mfinyanzi, kama ule wa vilima vya Taita, ingenaswa na kushikwa isipande kwa wingi katika mimea. Bali katika mchanga mweupe wa Rongelap mizizi ya mnazi, ikiwa na njaa ya potasiamu, iliipokea sesiamu badala yake na kuipandisha mpaka katika dafu. Muda mfupi baada ya kurudi, sesiamu katika miili ya wenyeji, waliopatwa na wasiopatwa, ilikuwa imeongezeka makumi ya mara. Kaa wa minazi walionekana wamekusanya strontiamu nyingi mno, watu wakakatazwa kuwala. Nazi hawakukatazwa, na wangekatazwa wangekula nini?

Hapa panahitaji kufikiriwa kwa makini. Sesiamu haikai mwilini milele; ingawa udongoni hupungua nusu kwa miaka 30, mwili wa mtu mzima huitoa kwa mkojo hata ikabaki nusu kwa muda wa siku 100 hivi, na mwili wa mtoto huitoa upesi zaidi. Mwili ni kama mtungi uliotoboka chini unaotiwa maji kila siku: maji hupanda mpaka yavujayo yawe sawa na yatiwayo, kisha husimama hapo, na siku mtiaji akiacha kutia, mtungi hukauka wenyewe. Basi sesiamu aliyoizoa mtu wa Rongelap asubuhi ya Bravo ilikuwa imemtoka karibu yote kabla hajarudi kwao. Ile iliyohesabiwa katika chumba cha chuma mwaka 1958, na mwaka baada ya mwaka tangu hapo, haikuwa sesiamu ya siku ya vumbi hata kidogo. Ilikuwa ni sesiamu ya chakula cha miezi michache iliyopita, katika nchi ambayo wakubwa walikuwa wameketi mezani wakaamua kwamba watu wairudie. Mtambo ulidhaniwa kuwa unapima bomu, kumbe unapima uamuzi. Na watu waliofanya uamuzi ndio waliokuwa wakisoma namba, na namba zikipanda walikuwa na sababu ya kuziita za kuvutia kielimu kabla ya kuziita za kutisha.

Sisemi haya kwa dhana. Taarifa ya Brookhaven yenyewe ya miaka ile iliandika kwamba kukaa kwa watu hawa katika kisiwa chao kutatoa maarifa yenye thamani kubwa juu ya mionzi katika wanadamu. Na katika mkutano mmoja wa kamati ya Tume ya Nishati ya Atomu ya Marekani, mwezi Januari 1956, afisa mmoja mkubwa wa tume hiyo, Merril Eisenbud, alisema kwamba, ijapokuwa watu hao hawaishi kama watu wa Magharibi waliostaarabika, wanafanana nasi zaidi kuliko panya. Mwenye kusoma maneno hayo leo, akiwa Mdawida au Mdigo au Mswahili wa Lamu, hahitaji kuelezwa alikuwa akizungumzwa nani. Kamati iliyoteuliwa na Rais Clinton mwaka 1994 kuchunguza majaribio ya mionzi juu ya wanadamu haikupata ushahidi kwamba wenyeji walinyeshewa vumbi kwa makusudi ya kuwachunguza, nami nayapokea hayo. Lakini baina ya kumdhuru mtu kwa kusudi na kumdhuru bila kusudi kisha kumfanya kitabu cha kusomea, mimi naona umbali si mkubwa kama wanavyoona mawakili.

Wenyeji wenyewe walitambua kabla ya kamati yoyote. Mwana wa John Anjain, aliyekuwa hakimu wa kisiwa, alikuwa na umri wa mwaka mmoja siku ya Bravo, na mwaka 1972 alikufa kwa saratani ya damu. Mwaka huo huo madaktari wa Brookhaven walipofika kwa safari yao ya desturi, watu wa Rongelap na Utirik walikataa kupimwa. Na mwaka 1975 Nelson Anjain, hakimu wa Rongelap wakati huo, alimwandikia Conard barua, akamweleza kwamba hawataki kumwona tena, kwamba wanataka matibabu ya madaktari wanaowajali wao kabla ya kuijali elimu, na kwamba miaka yote ile hawakupata kuambiwa kwa lugha ya kueleweka yaliyomo katika miili yao. Conard alikuwa mtu mpole kwa ushuhuda wa wengi, na wapo aliowatibu wakapona. Lakini kipimo ni habari ya mtu juu ya nafsi yake, na upole wa daktari haufidii habari hiyo kumpita mwenyewe ikaishia katika kabati ya maabara ng'ambo ya bahari.

Bikini kwenyewe mambo yalikuwa yale yale kwa mwendo wa kasi zaidi. Mwaka 1968 Rais Johnson alitangaza kwamba wenyeji waliohamishwa mwaka 1946 wanaweza kurudi. Jamaa kadhaa wakarudi mwanzoni mwa miaka ya sabini, wakala nazi za minazi mipya iliyopandwa na serikali, na mitambo ikaonyesha sesiamu yao ikipanda, hata mwaka 1978 ikaonekana kuwa katika mwaka mmoja peke yake imezidi kwa asilimia 75. Kabla ya mwaka kwisha waliondolewa tena. Watu wa Rongelap walizisikia habari hizo. Mwaka 1982 serikali ya Marekani ilipotoa hatimaye kitabu cha vipimo kwa Kimarshall pamoja na Kiingereza, wenyeji waliona kwa macho yao kwamba sehemu za visiwa vyao zilitiwa alama moja na Bikini, ambayo watu wake walikuwa wamekwisha kuhamishwa. Waliomba msaada wa kuondoka, hawakuupata. Na mwezi Mei 1985, kwa uongozi wa seneta wao Jeton Anjain, wakabomoa nyumba zao wakazipakia mbao na mabati katika meli ya Greenpeace iitwayo Rainbow Warrior, na zaidi ya watu 300 wakahamia kisiwa kidogo cha Mejatto. Namba zilikuwa zimekaa kwa wataalamu zaidi ya miaka 20. Zilipowafikia wenye miili, haikuwachukua hata miaka mitatu kuamua.

Tangu mwisho wa miaka ya tisini mambo yalibadilika kwa namna inayostahili kusifiwa. Maabara ya Lawrence Livermore ilisaidia kujenga vituo vya kupima mwili mzima huko huko visiwani, Rongelap, Enewetak na Majuro, na mafundi wanaoviendesha ni Wamarshall waliofundishwa kazi. Mtu huketi katika kiti mbele ya jiwe la kumeta kwa dakika 15, kisha hupewa jawabu lake, naye anaweza kurudi baada ya miezi michache akaona kama mtungi umepanda au umeshuka. Pia iligunduliwa kwamba minazi ikiwekewa mbolea ya potasiamu huacha kuitamani sesiamu, hata nazi zake zikabaki na chini ya moja kwa kumi ya iliyokuwamo. Dawa yenyewe, basi, ilikuwa ni mbolea ambayo mkulima yeyote aliyewahi kununua gunia la chumvi ya potasiamu anaijua, na ilipatikana tangu siku za Bravo.

Yaliyowapata watu wa Rongelap si mageni kwetu kwa asili yake, maana sehemu kubwa ya yuraniamu ambayo Marekani ilianza nayo kazi ya mabomu ilichimbwa na mikono ya Waafrika katika machimbo ya Shinkolobwe, Katanga, katika nchi wanakosema Kiswahili, na tani 1,200 hivi za madini yake zilikuwa zimehifadhiwa New York tangu mwaka 1940, zikingoja mnunuzi. Machimbo hayo yalifungwa kwa amri ya rais wa Kongo mwaka 2004, baada ya wachimbaji wadogo kuyarudia kwa kutafuta kobalti, na miezi michache baadaye yakaporomoka juu ya waliokuwa wangali wakichimba.

Na karibu zaidi, katika Kwale, uko mlima Mrima, kaya ya Wadigo na msitu wa matambiko yao, ambao udongo wake una toriamu nyingi kuliko kawaida, pamoja na niobi na madini adimu yanayotamaniwa na mataifa. Wataalamu wa vyuo vyetu wamekwenda kule wakapima udongo na hewa, wakathibitisha kwamba mionzi ya pale ni ya juu. Mwaka 2013 kampuni moja ilipewa leseni ya kuchimba, na katika mwaka huo huo serikali ikaifuta, kesi ikapelekwa mbele ya wasuluhishi wa kimataifa, ambao mwaka 2018 waliikataa hoja ya kampuni. Katika mabishano yote hayo kilichopimwa sana ni thamani ya madini. Toriamu ikiwa imetulia ardhini ni jambo moja, na ikiwa imesagwa ikawa vumbi la kuvutwa puani ni jambo jingine. Na mapafu ya wachimbaji, pamoja na wale wa vito wa Kasigau na Mwatate wanaoshinda ndani ya mashimo yasiyo na hewa ya kutosha, ambamo gesi ya radoni itokayo katika yuraniamu ya miamba huweza kukusanyika, yanastahili kupimwa wangali wazima.

Kenya ina sheria ya nyuklia ya mwaka 2019 na mamlaka yake ya udhibiti; ina taasisi ya sayansi ya nyuklia katika Chuo Kikuu cha Nairobi, yenye vyombo vya kutenga potasiamu na toriamu na sesiamu katika kijiko cha udongo; na imepata kuwaza kujenga kinu cha umeme wa nyuklia Uyombo, Kilifi, ambako mwaka 2024 wenyeji waliandamana kukipinga. Sikusudii hapa kuamua kama kinu kijengwe au kisijengwe. Lakini watu wa Rongelap hawakuwa na kipimo hata kimoja cha miili yao wala cha nazi zao kabla ya Machi 1954, na kwa kukosa hicho kila hoja waliyoitoa baadaye ilijibiwa kwa kukisia. Samaki wa hori la Mida, maziwa ya Kilifi, mihogo na maji ya visima vya Mrima, na hata mkojo wa watu wachache watakaoridhia kwa hiari yao, vyaweza kupimwa mwaka huu huu, kabla ya jembe la kwanza kupigwa. Na majibu yake yasomwe barazani, kwa Kigiriama huko Uyombo na kwa Kidigo huko Mrima, mbele ya wale waliotoa samaki na mkojo wao, kila mmoja akaondoka na karatasi yake mkononi.